Huyu mwenye nguvu zote anataka nini? Kwa wanaoanza kutunga vibonzo vya majini na wenye enzi

Vijana wanaoniletea kazi zao hapa Mjini Unguja karibu wote huanza na orodha. Mhusika wao anapaa, anapenya ukuta, anasimamisha wakati, na akikasirika bahari yote mpaka Chumbe inachemka. Ukurasa wa tatu anakutana na mwenzake mwenye orodha kama hiyo hiyo, majumba yanaanguka, na ukurasa wa kumi na mbili bado wanapigana. Michoro ni mizuri, mingine inanishinda mimi. Lakini nikiuliza, "Huyu bwana anataka nini?" jibu ni moja: anataka kutawala dunia. Haya, ameshaitawala. Jumatatu asubuhi anaamka, anafanya nini? Hapo kijana anaanza kuchezea kalamu.

Swali lenyewe si langu. Pepo akipanda kichwani kwa mtu, watu wa kilinge, yaani wa ngoma za pepo, hawapotezi muda kumuuliza ana nguvu gani, maana nguvu zake wanaziona pale mkekani. Wanamuuliza jina lake, ametokea wapi na anataka nini. Na anachokitaka huwa kidogo mno ukilinganisha na ukubwa wake. Pepo wa kibuki, wanaosemwa kuwa ni wafalme wa Bukini, yaani Madagaska, wakipanda hapa Unguja wanadai brandi. Mfalme mzima amevuka bahari, amekalia kichwa cha mtu, anadai chupa! Mwengine anataka ubani, mwengine kilemba cha rangi anayoijua mwenyewe. Simtumi mtu ngomani kutafuta hadithi, na najua nyumba nyingi mambo haya hayatajwi mbele za watoto. Nasema tu kwamba wasimulizi wa kwetu hawajapata kumpa mtu kiumbe mkubwa bila ya kumpa na haja yake.

Sasa haja peke yake haitoshi. Waliokulia na vibonzo vya jarida la Sani wanamkumbuka Lodi Lofa na Ndumilakuwili: haja tele, uwezo hakuna, na kicheko chote kimetoka hapo. Kwa mwenye enzi mambo yamegeuka. Uwezo anao, hakuna mlango unaomshinda, basi hadithi itatoka wapi? Mimi nawaambia wanafunzi wangu waitafute mahali pamoja tu: pale ambapo nguvu yake mwenyewe ndiyo inayomfukuzia mbali anachokitaka. Mkipata hapo, mengine yatakuja. Msipopata, mtachora ngumi mpaka wino uishe.

Kama hamjafika Pujini, nendeni. Ni upande wa mashariki ya Pemba, si mbali na Chake, na kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo wenyeji wanasema ni ya Mkama Ndume. Inasimuliwa kwamba alipojenga aliwabebesha watu mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio. Fikirini boksi hilo, yaani picha moja ya ukurasa: safu ya watu wazima, jiwe kichwani, vumbi, makalio chini, na yeye hata hayupo kwenye picha. Huo ndio uchoraji wa nguvu. Lakini siwapeleki Pujini kwa ajili ya mawe, nawapeleka kwa ajili ya kisima. Bwana huyu, wanasema, alikuwa na wake wawili wasiopatana. Kisima kikajengwa kwa namna ya wao wasionane: mmoja anateka juu kwa ndoo na kamba, mwenziwe anateremka kwa ngazi mpaka majini, na kati yao ukuta.

Mtu aliyewakokotesha watu kwa makalio hakuweza kuwafanya wanawake wawili wasalimiane. Na alipotaka amani nyumbani kwake, alifanya nini? Alijenga, kwa sababu kujenga ndiko alikokuweza. Mwenye nguvu hujibu kila jambo kwa ile nguvu aliyonayo, hata jambo ambalo halikuitaka. Na ukuta ukishasimama, ugomvi umepata nyumba ya kudumu. Mimi ningempa mchoraji hadithi hii kurasa mbili tu, asiweke hata neno moja: huyu anasikia ndoo ya yule ikigonga maji, yule anasikia nyayo za huyu kwenye ngazi, siku baada ya siku. Mkama Ndume tungemwona mara moja, kwa mbali, akitazama kazi yake na kuridhika.

Binti mmoja wa Pemba aliniletea malkia wa majini anayekaa msitu wa Ngezi. Mvua ni yake: akitembea inamfuata, akikasirika inakuwa tufani. Kurasa za mwanzo alikuwa anazamisha meli. Nikamuuliza lile swali letu, akasema anataka kutawala kisiwa. Nikanyamaza. Tukakaa na kurasa zake mezani muda, akaanza kunieleza habari za kwao: msimu wa karafuu, watu wako juu ya mikarafuu, wanaimba, wengine chini wanachambua makonyo, barabarani majamvi yameanikwa kila mahali na harufu imejaa mpaka ndani ya gari. Halafu akasema, kama anajisemea, kwamba huyu malkia labda anapenda kuzisikiliza zile nyimbo.

Basi, hadithi imeshajifunga yenyewe. Anazipenda nyimbo, anasogea. Akisogea, mvua inasogea naye. Mvua ikija watu wanashuka mitini, wanakimbilia kukunja majamvi, na nyimbo zinakatika. Kila anapozikaribia anazinyamazisha. Na zikinyamaza anahuzunika, na akihuzunika mvua inazidi, na karafuu zilizokwisha anikwa zinaharibika juu ya majamvi. Mwisho wa msimu mtu hana fedha ya kumlipia mtoto skuli na hajui ni kwa sababu kuna mtu msituni aliyependa sauti yake. Hakuna adui hata mmoja katika hadithi hiyo, wala hakuna anayetaka kutawala chochote, na mimi nilipomaliza kuisoma nilitaka ukurasa mwengine.

Angalieni alivyochora ukurasa wenyewe, maana ndipo mtu anapojifunza. Boksi la kwanza pana: mkarafuu, miguu ya mchumaji inaning'inia, puto la maneno ya wimbo limepanda juu mpaka nje ya mstari wa boksi. La pili dogo: jani la mpapindi, tone moja. La tatu dogo zaidi: mkono wa mwanamke umeshika shina, kucha zina hina. La nne ni lile la kwanza tena, mti ule ule, lakini hakuna miguu, na puto limekatika katikati ya neno. Uso wa malkia hatukuuona kabisa. Nilimwambia asiuchore mpaka mbele sana, na akauchore siku ambayo hakuna mvua.

Tukija kwenye majaaliwa, hapa wengi wanateleza kwa kuiga vibonzo vya nje, ambako kila kundi la wenye enzi lina mmoja mwenye kitabu cha kuandika nani afe na nani aishi. Kwa msomaji wetu majaaliwa ni ya Mwenyezi Mungu, na analijua hilo kabla hajafungua ukurasa. Ukimpa mhusika wako kalamu hiyo, wasomaji wengine utawaudhi katika imani yao, na waliobaki utawachosha, kwa sababu hadithi ambayo mwisho wake umo mfukoni mwa mhusika haina haja ya kusomwa. Kwa hiyo mimi situmii "miungu" kabisa. Natumia majini, wazee wa mizimu, wenye enzi wa visiwa visivyokuwepo. Hawa ni viumbe. Wanaweza mengi, na siku yao ipo. Watu wanadhani hiyo ni kujibana, kumbe imenipa hadithi bora zaidi.

Fundi wa jambo hili tunaye katika fasihi yetu. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi, si wa Unguja wala Pemba, ni wa upwani wa kaskazini, Pate na Ozi, Kenya ya leo, na utenzi wake maarufu ni wa Muhammad Kijuma, wa mwaka 1913. Silaha hazimwingii. Kitu kimoja tu kinamuua, msumari wa shaba ukichomwa kitovuni. Siri hiyo inatolewa na yeye mwenyewe, anamwambia mwanawe, na mwanawe ameahidiwa binti wa sultani anayemwogopa Liyongo. Hesabuni haja zilizomo: sultani anataka usingizi, kijana anataka mke na cheo, baba anataka kuwa baba. Hakuna mtabiri wala nyota iliyoanguka. Kila mtu kafuata alichokitaka na wote wamekutana kwenye kitovu kimoja. Na baada ya kuchomwa, Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufia hapo hapo, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji kwa sababu wanadhani yu hai. Maiti inautawala mji! Mchoraji atakayeliharibu boksi hilo atakuwa amekusudia.

Katika vibonzo, namna ya kuleta majaaliwa ni kumwonyesha msomaji mapema, tena kijuujuu. Ule msumari uwepo ukurasa wa tatu, boksi dogo la pembeni, umetundikia kapu. Msomaji asiambiwe kitu. Atakapouona mara ya pili mkononi mwa kijana, moyo wake utafanya kazi ambayo maneno yako yasingeweza. Na tendo lenyewe liwekeni pale msomaji anapofunua. Kwa kitabu cha kusomwa kushoto kwenda kulia, kurasa za namba shufwa ziko kushoto, basi siri iwe shufwa na wasiwasi uwe witiri. Kwenye simu hakuna kufunua, kuna kuteremsha kwa kidole. Hapo acheni nafasi tupu ndefu kabla ya boksi kubwa, nafasi itafanya kazi ya karatasi.

Maneno. Wenye enzi wenu wanasema sana. Malkia anatoa hotuba ya puto tano kueleza hasira yake wakati mvua imeshaeleza. Mkubwa haelezi, anayeeleza ni mdogo aliyeulizwa. Tena Kiswahili chetu kina vitenzi virefu, kimoja kinaweza kujaza puto zima, kwa hiyo andikeni maneno kwanza kwa penseli, halafu chora puto kuyazunguka, na mkilazimika kukata neno kateni kwenye silabi. Yule malkia wa Ngezi nilimshauri aseme Kipemba cha kwao, si Kiswahili cha taarifa ya habari. Jini la Pemba linalozungumza kama msoma habari linachekesha, na yule binti hakukusudia kuchekesha.

Nguvu ichorwe kwa wengine. Mtu mkubwa akipita sokoni Darajani, mchoreni muuza kahawa aliyesahau kwamba anamimina, dele limeinama na kikombe kimefurika mpaka vidoleni. Mstari wa upeo ushusheni chini ili mhusika asimame juu ya msomaji, lakini si kila ukurasa, maana ukimchora mkubwa kila mahali macho yanamzoea na anarudi kuwa mtu wa kawaida.

Kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo mtu wa nje hatawaambia. Milango ya Mji Mkongwe inavutia kuichora, na baadhi ina aya za Qur'ani zilizochongwa juu. Msizichore, wala msibuni michoro inayofanana na Kiarabu ili kujaza nafasi. Kitabu cha vibonzo kinatupwa chini, kinakaliwa, kinafungiwa maandazi. Chongeni maua, samaki, mnyororo, ambavyo vimo kwenye milango hiyo hiyo. La pili ni Popobawa, yule pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku. Kila mwaka yupo kijana anayetaka kumfanya shujaa mwenye mbawa. Mwaka 1995 kuna watu wazima waliolala nje kwa makundi kwa hofu, Pemba na Unguja, na wapo hai, na waliyosema yamewafika si mambo ya kuchezea. Ukitaka mbawa, yupo popo wa Pemba wa kweli, anayelindwa Kidike, mkubwa, mwenye uso kama wa mbwa, hapatikani pengine duniani. Anza naye huyo.

Mambo ya kupeleka kazi chapani mtajifunza mkifika, ila hili mlijue mapema: kijitabu cha kukunjwa na kupigwa pini katikati kurasa zake huenda kwa nne nne. Kwa mara ya kwanza pangeni nane. Mtaona kurasa hazitoshi, na mtajaribiwa kupunguza lile boksi la miguu inayoning'inia ili vita viingie. Punguzeni vita.