Mbwa Amekua, Kizimba Bado Kile Kile

Usiku ule kilichoniamsha ni mkia. Pu, pu, pu, ukipiga trei ya chini ya kizimba. Nikawasha taa ya simu. Bosi, mbwa wangu, alikuwa anajaribu kugeuka. Alianza na kichwa, akakunja shingo, mgongo ukagusa vyuma vya juu, kiuno kikakwama, akarudi alivyokuwa. Akapumzika kidogo, akajaribu upande wa pili. Mara ya tatu akafaulu, akajibwaga chini na kushusha pumzi ndefu, pua ikiwa imechomoza nje kati ya nondo mbili. Aliponiona macho, mkia ukaanza tena. Alikuwa na miezi saba. Miezi mitano nilikuwa nimelala usingizi mnono nikiamini na yeye analala hivyo hivyo.

Asubuhi nikaanza kupiga hesabu za kizimba kipya. Upana kiasi gani, urefu kiasi gani, kitakaa wapi. Nilidhani swali langu ni la vipimo.

Niseme mapema kwamba kizimba sikilaumu. Bosi aliingia nyumbani akiwa na wiki 9, na bila kizimba sijui kama ningefika naye mwezi wa pili. Mtoto wa mbwa kwa silka yake hapendi kuchafua mahali anapolala, na ujanja wote wa kizimba uko hapo: ukimpa nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, atajitahidi kujizuia mpaka umtoe nje. Ukimpa nafasi kubwa kupita hiyo, atalala kona hii na kukojoa kona ile, na hapo utakuwa umemnunulia choo. Ndiyo maana vizimba vingi vya waya huja na kigawanyo cha kusogezwa kadiri mbwa anavyokua. Nilikisogeza mara mbili, mara ya tatu nikakitoa kabisa, kisha nikasahau kwamba mbwa huendelea kukua hata kama hakuna tena cha kusogeza.

Kuna kanuni rahisi ya kukadiria inayotumiwa na wafugaji wengi: hesabu umri wake kwa miezi, ongeza moja, hayo ndiyo masaa anayoweza kujizuia mchana. Wa miezi 3, masaa 4. Mimi naiona nzuri kwa wadogo tu, na hata kwao ni ukomo, si ratiba. Wapo wanaoendelea kuongeza hiyo moja mpaka mbwa wa miezi tisa anafungiwa masaa kumi mfululizo. Kibofu chake huenda kikahimili. Mwenyewe je?

Basi, nikiwa na karatasi ile ile ya vipimo, nikaandika masaa ambayo Bosi alikuwa ndani kwa siku ya kawaida. Usiku 9. Asubuhi nikiwa kazini 4, nikarudi mchana kumtoa. Alasiri na jioni 3, ukijumlisha na muda wa chakula chetu. Jumla 16. Nikaikagua mara mbili nikitarajia nimekosea.

Utetezi nilikuwa nao mdomoni tayari: watoto wa mbwa hulala sana, wakiwa wadogo hufika hata masaa 18 au 20 kwa siku. Ni kweli. Lakini anayelala anaweza kuamka, akajinyoosha, akahamia sakafu yenye ubaridi, akaenda kunusa viatu, akarudi kulala. Aliyefungiwa anaamka na kuangalia nondo.

Nikajiuliza kila kipindi kinafanya kazi gani. Usiku ni kwa sababu atakojoa ndani. Hakuwa amekojoa ndani tangu akiwa na miezi minne. Asubuhi ni kwa sababu atatafuna vitu. Sikujua, sikuwahi kumjaribu. Jioni ni kwa sababu anasumbua watu mezani, maana yake sikuwa nimemfundisha kukaa mahali pake, na kufunga mlango ni rahisi kuliko kufundisha. Siku zote nilikuwa nikijisemea samaki mkunje angali mbichi. Sasa huyu nilikuwa nimemkunja kisawasawa, na nimeendelea kumkunja mpaka hageuki.

Hapo ndipo swali lilipobadilika. Kumbe si kwamba kizimba kimekuwa kidogo. Kizimba kilikuwa kimeacha kuwa chake kikawa changu.

Utakapoanza kuuliza watu, jiandae kwa makundi mawili yasiyosikilizana. Marekani kumfungia mbwa kizimbani ni desturi ya kawaida na wakufunzi wengi huipendekeza. Sweden na Finland sheria haziruhusu kumweka mbwa kizimbani nyumbani kama jambo la kila siku. Kizimba ni cha safari na mahitaji ya muda. Na mbwa wa huko wanakua, wanajifunza kutokojoa ndani, wanabaki wenyewe nyumbani. Wanafungiwa chumba, au wanawekewa kigeti. Jambo hili lilinisaidia kuliko ushauri wote: kizimba ni njia moja kati ya kadhaa, kwa hiyo kuachana nacho si kumwachia mbwa nyumba nzima.

Mimi bahati mbaya nilikuja kulielewa baada ya kufanya kosa.

Bosi alipotimiza miezi minane niliamua amekuwa mtu mzima. Nikamwacha nje ya kizimba, milango yote ya ndani wazi, nikatoka kwa masaa matatu. Niliporudi, sponji ya kochi ilikuwa imetapakaa. Hilo lilinikera tu. Lililonitoa jasho ni karatasi ya vidonge vya maumivu, ile yenye rangi ya fedha, imetafunwa na kulowa mate katikati ya zulia. Dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofen, zinaweza kumharibu mbwa tumbo na figo. Nikapiga magoti, simu sikioni na daktari wa mifugo, nikitafuta vidonge chini ya viti kama mtu aliyeangusha shanga. Vilikuwa kumi ndani ya karatasi. Nikapata saba. Nane. Cha tisa kilikuwa kimenasa kwenye manyoya ya kifua chake. Cha kumi nilikikuta nyuma ya mguu wa meza baada ya muda ulioniona nikizeeka. Bosi alikuwa ananifuata nyuma akidhani ni mchezo.

Jioni hiyo nilimrudisha kizimbani, tena kwa hasira kidogo, na hilo nalo ni kosa. Kizimba kikishageuka adhabu, kazi yote ya kumzoesha inabomoka, na yeye hawezi kuunganisha adhabu hiyo na sponji ya saa mbili zilizopita.

Siku zilizofuata nilinunua kizimba kikubwa, ndiyo, kile cha kumtosha akiwa amekua kabisa, na nikaamua kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwanza usiku. Mlango wa kizimba wazi, mlango wa chumba umefungwa, mimi nimo humo humo. Usiku ndio rahisi kwa sababu kuna giza, kuna mtu, na mbwa amechoka. Usiku wa kwanza alizunguka, akaja kuninusa uso, akarudi. Wa pili akalala sakafuni pembeni ya kitanda. Wiki mbili zilipopita bila ajali wala kitu kutafunwa, nikaona usiku umekwisha kuwa wake.

Mchana ni habari nyingine. Nilichagua chumba kimoja, nikakaa sakafuni nikikitazama kwa kimo chake. Jaribu, utashangaa. Ukiwa umesimama huoni waya wa chaja unaoning'inia usawa wa pua, wala soksi iliyoingia chini ya kabati. Soksi usiidharau: mbwa akiimeza inaweza kuziba utumbo, na hiyo ni safari ya upasuaji. Chokoleti, zabibu kavu na mbichi, na vitu vilivyotiwa xylitol, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ni sumu kwake, kwa hiyo mikoba ya wageni pia ikatoka. Dawa zote zikapanda kabati la juu lenye mlango.

Kisha dakika 5. Nikatoka, nikaacha simu ya zamani ikirekodi. Halafu 10, 20, 40, saa nzima. Si kila siku nilipanda. Siku ya nne alikula pembe ya mkeka nikarudi kwenye 10. Kabla ya kutoka alikuwa ametembezwa kweli kweli, amekojoa, na ana kitu halali cha kutafuna. Hilo la kutembezwa ni nusu ya kazi yote, na nakiri ndilo nililokuwa nikiliibia zaidi wakati wa kizimba, kwa sababu mbwa aliyefungiwa hata asipochoka hawezi kuharibu kitu. Uharibifu ndio ungenishtaki.

Video zilinifundisha mengi kuliko miezi yote ya kukisia. Aliposikia mlango wa nje umefungwa alisimama, masikio mbele, kama dakika mbili. Akaenda kunusa chini ya mlango. Akazunguka chumba. Akachukua kiatu changu kimoja, akakibeba mpaka katikati ya chumba, akakiweka chini na kukilalia kidevu bila kukitafuna. Kisha akainuka na kuingia kizimbani mwenyewe, mlango ukiwa wazi, akalala huko mpaka niliporudi. Nilirudia kuitazama video ile usiku, nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja.

Unaweza kukuta kitu tofauti kabisa kwenye video yako, na ni muhimu ukijue. Kunung'unika dakika kadhaa kisha kutulia si tatizo kubwa. Kuhema bila joto, udenda unaolowesha kifua, kubweka bila kukoma, kung'ata nondo, kucha zinazovuja damu, kujisaidia ndani wakati ametoka kujisaidia nje, hiyo ni hofu ya kuachwa peke yake. Jirani yangu alikuwa na mbwa jike aliyevunja jino kwenye nondo akiwa na mwaka mmoja, na wao wakamnunulia kizimba imara zaidi. Mbwa wa namna hiyo kizimba humzidishia hofu. Huyo usingoje kalenda. Mtoe, tafuta mtu wa kukaa naye, na zungumza na daktari wa mifugo, maana kuna mafunzo na wakati mwingine hata dawa za kumsaidia.

Watu huniuliza umri wa kumwacha mbwa bila kizimba. Ningependa kuwapa tarakimu, lakini mbwa wadogo kwa umbo hutulia mapema, wengi karibu na mwaka, na wale wakubwa huweza kuburuza ujana wao hadi miaka miwili. Hata meno hayatoshi kuwa kipimo. Yale 28 ya utotoni huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na kufikia wa saba huwa ana 42 ya ukubwani, ndipo kila mtu hujipa moyo kwamba kutafuna kumekwisha. Bosi alianza kutafuna upya akiwa na miezi tisa, meno yote yamekamilika, safari hii kwa ujana tu na uchovu wa kutokuwa na la kufanya. Nilirudi nyuma wiki moja, nikapunguza muda, nikaongeza matembezi, tukaendelea.

Mambo mawili kwa anayeona mbwa wake bado anahitaji kufungiwa. Mvue mkanda wa shingoni kabla ya kufunga, kwa sababu unaweza kunasa kwenye waya na kumkaba. Na angalia jua linaingia saa ngapi mahali kizimba kilipo: mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipoza hasa kwa kuhema, na akizidiwa na joto ndani ya waya hana pa kuhamia.

Kizimba chenyewe sijakitoa. Nilikuwa nimeshakikunja kukipeleka stoo, daktari akaniambia ningoje kwanza Bosi ahasiwe. Alikuwa na sababu. Baada ya upasuaji mbwa anatakiwa kutulia siku 10 hadi 14 bila kurukaruka, na wa mifupa au magoti huchukua wiki nyingi. Aliyesahau kizimba akakutana nacho tena akiwa na maumivu atakichukia. Safari za ndege pia zinadai kizimba. Kwa hiyo mlango nimeubana wazi kwa kamba upande wa nje usije ukajifunga wenyewe, na mara moja kwa wiki chakula chake nakiweka humo ndani. Ngurumo zikianza, ndiko anakokimbilia. Siku nyingine hakanyagi kabisa.

Jana nilifungua ile kamba, nikafunga mlango kwa dakika kumi nipige deki. Hakuinua hata kichwa.