Usiiache redio moja iamue kwamba chaneli iko wazi

Usizifunge redio hizo mnarani kabla hujasoma haya. Umeuliza utumie utaratibu gani wa kugawana zamu za kurusha, na chaneli ya kuratibia, ambayo redio zitapeana taarifa kupitia kwake, uiweke wapi, katika mtandao wa redio tambuzi (redio zinazosikiliza kwanza ili kujua chaneli ipi haitumiki, ndipo zirushe) wa skuli tatu za Wete utakaotumia nafasi zilizo wazi kwenye masafa ya televisheni. Katika mchoro wako, kila redio inasikiliza peke yake, na ikikuta kimya inarusha. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Tulipofanya majaribio karibu na Chake Chake, kituo kimoja kilikuwa bondeni, chini ya mikarafuu, na kingine juu ya kilima. Usiku mmoja palikuwa na maulidi ng'ambo ya kilima, na maiki isiyo na waya ilikuwa ikitumia chaneli ileile. Kituo cha bondeni kilisikiliza, kikaiona chaneli tupu, kikarusha, na sauti ya msomaji ikakatika watu wakiwa wamesimama. Maiki ile hutumia miliwati chache tu, ilhali sisi tulirusha kwa wati 4, kwa hiyo tulisikika mahali ambapo wenyewe hatukuweza kupasikia. Kituo cha kilimani kilikuwa kimeisikia, kumbukumbu zake zilionyesha hivyo, lakini hakikuwa na njia ya kuwaambia wenzake. Asubuhi nilikwenda kuwaomba radhi wenye shughuli, na uso wa yule msomaji sijausahau.

Mshauri aliyetupangia mtandao alituapia kwamba kipokezi chenye usikivu mkubwa kinatosha. Bado namkasirikia, kwani IEEE 802.22, kiwango cha kiufundi cha mitandao ya namna hii kilichotolewa mwaka 2011, kilikwishaweka vipindi ambavyo redio zote za mtandao hunyamaza pamoja, ili zisisikie makelele yao wenyewe, kisha kituo kikuu hukusanya taarifa za wote na kuamua.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria zamu, weka kipindi hicho cha kunyamaza, na redio moja tu ikisema imemsikia mwenye masafa, kama kituo cha televisheni au maiki ile, zote zihamie chaneli nyingine, hata kama nyingine tisa zimesikia kimya. Mara nyingine mtahama bure na kasi itashuka; ikubali hasara hiyo. Mchoro ukishaurekebisha, uweke hapa niutazame kabla hujapanda mnarani.