Kwa nini 3 inajumlisha tarakimu

Dada, umeuliza kwa nini, ili kujua kama namba inagawanyika bila baki, kwa 2 na 5 mtoto anatazama tarakimu ya mwisho tu, ila kwa 3 anajumlisha zote. 10 inagawanyika kwa 2 na kwa 5, kwa hiyo makumi na mamia hayana shida. Kwa 3, kila 10 inabakiza 1, na kila 100 inabakiza 1. Chukua samaki aina ya sato 471 pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, wavuvi watatu wagawane: mamia 4 yanabakiza sato 4, makumi 7 yanabakiza 7, na yule mmoja wa mwisho. Jumla 12, wanagawana bila ugomvi. (Kumwonyesha mtoto, vizibo vya soda vinatosha, sato ni ghali!) 9 ni hivyo hivyo. Kanuni ya 7 usimsumbue nayo, agawanye tu.