Baba ameanza kutembea tena, je, aache dawa?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Baba yangu ana miaka 63, na huu ni mwaka wa 14 anaishi na sukari. Msimu wa korosho uliopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikapooza. Sasa, alhamdulillahi, anakwenda msikitini kwa mkongojo. Baba mdogo anasema kiharusi kimeshapita, hivyo aache dawa za presha na ya mafuta, abaki na ya sukari tu. Jana alirudi akihema, jasho linamtiririka, akataka kulala. Kifua hakikumuuma. Tulimpima, sukari haikuwa imeshuka. Ni uchovu tu?
Binti wa Mzee, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Naanza na hilo jasho. Mpelekeni hospitali leo hii, msingoje siku ya kliniki, apimwe moyo kwa ile mashine ya kubandika nyaya kifuani. Kama hapo Newala haipatikani, shukeni naye Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mtwara. Likimrudia usiku, tafuteni gari usiku huo huo.

Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asijue. Ya moyo nayo hufa ganzi vivyo hivyo, kwa hiyo moyo unaweza kukosa damu, hata sehemu yake ikafa, na kifua kisiume. Utaona jasho, kuhema, kichefuchefu au uchovu usio na sababu.

Mama yangu mzazi, hapa Lindi, alikuwa na sukari akapata kiharusi. Tulimwekea beseni la korosho awe anazihamishia kwenye sinia moja moja, vidole vizoee. Siku ya kwanza alihamisha nne. Mwezi wa tano akawa anamaliza beseni zima, na sisi tunapiga vigelegele. Macho yetu yote yalikuwa kwenye ule mkono. Alipoanza kuvimba miguu na kulalia mito mitatu ili apate pumzi, tukasema ni uzee. Kumbe moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu. Nilikuwa muuguzi tayari, na sikuona.

Baba mdogo mwelezeni kwa heshima. Maradhi yaliyoharibu mshipa wa kichwani yanaharibu pia ya moyo, figo na miguu. Mwenye sukari aliyepata kiharusi yumo hatarini kuliko asiye na sukari kupata kingine, au shambulio la moyo, na hatari hiyo hudumu miaka. Zile dawa zinalinda kilichobaki. Kule Denmark walifuatiliwa watu 160 wenye sukari ambao figo zao zilishaanza kuvujisha protini. Majibu yalitolewa mwaka 2003: waliobanwa presha, mafuta na sukari kwa pamoja walipata maradhi ya moyo na mishipa kwa karibu nusu ya wenzao, katika muda wa takribani miaka 8. Sukari peke yake, kama anavyotaka baba mdogo, haitoshi.

Presha yake, mara nyingi, hutakiwa iwe chini ya 130/80. Aspirini msimpe kwa kusikia kwa jirani; muulizeni daktari kama mshipa uliziba au ulipasuka, maana uliopasuka ni habari nyingine kabisa.

Mkienda, bebeni pakiti zote za dawa, hata zilizoisha, mzipange mezani kwa daktari. Na baba mdogo aje naye, asikie mwenyewe.