Zege la saa nne usiku na tizi la alfajiri

Mtu akifika jimu saa kumi na moja na nusu alfajiri, akashika chuma alichokizoea akakiona kizito, cha kwanza kusingiziwa ni baridi. Hapa Mbeya baridi ya Juni na Julai inabebeshwa lawama nyingi. Mimi nikimsikia mwenzangu akilalamika hivyo humuuliza: kaka, jana usiku ulipita wapi? Mara nyingi jibu ni kibanda cha chipsi. Mafiati, Kabwe, Soweto, Mwanjelwa, saa nne usiku karai bado linachemka.

Nafanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi, miaka sasa, na nina msimamo wangu: kula usiku hakuna ubaya. Kinachoharibu tizi ni ulichokula, wingi wake, na muda uliouacha kabla ya kupanda kitandani. Wale wa "usiguse chochote baada ya saa kumi na mbili jioni" siwafuati. Mtu anayelala na njaa naye hapati usingizi, na kesho yake hana nguvu vilevile.

Tuanze na zege, yaani chipsi mayai, maana ndilo linalotumaliza wengi. Siku moja simama karibu na jiko uangalie linavyopikwa. Chipsi zimekaangwa tangu jioni. Zinarudishwa kwenye karai zipate moto, zinahamia kwenye kikaango chenye mafuta yake, mayai mawili yanamwagwa juu, likishika upande mmoja linafunikwa sahani na kugeuzwa. Kiazi kimekutana na mafuta mara tatu kabla hakijafika mdomoni. Weka mishikaki miwili, chumvi ya kutosha, na soda. Soda nyingi za mililita 350 zina sukari inayokaribia gramu 35, yaani vijiko vya chai vinane au tisa hivi.

Mafuta hulichelewesha tumbo kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Sasa umekula saa nne, na baridi ya huku haikuachii ukae sebuleni; saa nne na nusu uko chini ya blanketi. Umelala, tumbo limejaa, asidi inapata njia rahisi ya kupanda kooni. Ndiyo maana madaktari hushauri kuacha saa mbili mpaka tatu kati ya mlo wa mwisho na kulala. Usiku unajigeuza, kiu ya chumvi inakuamsha, ukishakunywa maji unaamka tena kwenda chooni. Kitandani umekaa kama saa sita, usingizi wenyewe ni wa vipandevipande.

Halafu asubuhi ni siku ya miguu. Skwati haina huruma na tumbo lililolala limejaa. Unaweka chuma mabegani, unavuta pumzi, unakaza tumbo, unashuka, na hapohapo kachumbari ya jana inakusalimia kooni. Nimeshuhudia jamaa mwenye nguvu kutuzidi sote akirudisha chuma kwenye stendi katikati ya seti na kutoka nje bila kuaga. Hatukumuuliza kitu.

Lakini ukweli ni kwamba zege la usiku huanzia mchana. Angalia siku ya kawaida ya mtu wa mjini: asubuhi chai na maandazi mawili, mchana kazi imembana anaambulia sahani ndogo ya wali maharage saa nane, kisha hana kitu mpaka giza. Mtu huyo akipita karibu na karai saa tatu usiku unategemea nini? Msimamo wa namna gani utashinda ile harufu? Kula mchana kwa adabu: ugali, maharage, mboga, na kipande cha nyama au samaki mfuko ukiruhusu. Saa kumi na moja jioni tia kitu tumboni, hindi la kuchoma au kiazi kitamu. Chakula cha usiku kiwe mezani saa moja au saa moja na nusu. Kwangu mimi hilo tu ndilo lililofanya kibanda kikose mvuto, sikuhitaji kujikaza.

Wapo ambao kazi haiwapi nafasi hiyo, bodaboda kwa mfano, au mama anayefunga duka usiku. Hao wale wakifika nyumbani, ila kidogo na kisichokaangwa: glasi ya maziwa au mtindi, ndizi mbivu, yai la kuchemsha, uji mwepesi. Parachichi za Rungwe nazipenda sana, lakini zina mafuta mengi. Zima na nusu saa nne usiku bado ni mzigo kwa tumbo. Karanga nazo ni hivyohivyo, na ubaya wa karanga ni kwamba mkono hauhesabu.

Mnaopiga tizi jioni msiniogope, ushauri wenu ni tofauti. Ninyi lazima mle baada ya mazoezi hata kama ni saa tatu usiku. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana waliotoka kunyanyua vyuma jioni gramu 40 za kaseini, protini ya maziwa, kabla ya kulala, na misuli yao ikajijenga zaidi usiku ule kuliko ya wenzao waliokunywa kinywaji kisicho na protini. Ila gramu 40 za protini ni kama glasi tano kubwa za maziwa, kwa hiyo usitegemee miujiza kwenye glasi moja. Maharage na mayai ya chakula cha usiku yanafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Chai ya rangi ya usiku nayo ipunguzwe, kafeini hukaa mwilini saa nyingi.

Kuhusu kufika jimu tumbo tupu: usiku ini ndilo hutumia akiba yake ya sukari, ya kwenye misuli hubaki karibu yote, hivyo mazoezi ya saa moja yanawezekana. Mimi hula ndizi moja kabla ya kutoka, inanitosha. Mwenye kisukari, au anayeandamwa na kiungulia kila wiki, amwone daktari kabla ya kubadili ratiba ya kula.

Na kitimoto cha Ijumaa? Sijaacha, na sina mpango wa kuacha. Mbeya hii ukikataa kitimoto Ijumaa utakaa na nani? Nilichofanya ni kupanga upya wiki: Jumamosi asubuhi natembea tu, siku ya miguu nimeihamishia Jumatatu.