Umeniuliza kama senta bado ana kazi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nje ya nyumba ili mama yako naye asikie. Unasema kocha wenu mpya hapo Kampala amekwambia kwamba katika mpira wa kikapu zama za senta, yule mrefu wa kusimama chini ya kapu, zimekwisha, na usipojifunza kutupa pointi tatu kutoka mbali utazoea benchi. Una miaka 23 na mita 2.06. Ukaniuliza: "Baba, urefu wangu bado una thamani, au nimezaliwa nimechelewa?"

Hujachelewa. Kocha naye hakukudanganya. Ule mchezo anaokwambia uuache niliyekufundisha ni mimi, kwa hiyo ni haki yako nikueleze vizuri.

Juzi nilipita kwenye ule uwanja wa saruji hapa Jinja ulikoanzia kucheza. Wamepaka rangi mpya, lakini chini yake mistari ya zamani bado inaonekana: lile eneo la sekunde tatu mbele ya kapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya muda huo, lililotanuka kama sketi kuelekea mstari wa mwisho, mita 3.6 juu na mita 6 chini. Lilichorwa hivyo kwa makusudi, ili mtu mrefu asukumwe mbali na kapu. FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, waliligeuza kuwa mstatili mwaka 2010, na mwaka huohuo wakausogeza mstari wa pointi tatu kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Nilisimama pale muda mrefu. Sisi warefu tumekuwa tukitungiwa sheria tangu zamani sana.

Marekani, George Mikan aliwazidi watu nguvu chini ya kapu mpaka mwaka 1951 NBA, ligi kuu ya huko, wakalitanua eneo lile kutoka futi 6 hadi 12. Akaja Wilt Chamberlain, aliyefunga pointi 100 katika mechi moja Machi 1962, na mwaka 1964 likafika futi 16. Kareem Abdul-Jabbar alipokuwa chuoni, walipiga marufuku danki, yaani kuusukumiza mpira ndani ya kapu kutoka juu, katika michezo ya vyuo kuanzia 1967 hadi 1976. Akaunoa mtupo wake wa ndoano, na ni mikono michache sana iliyowahi kuufikia. Kila mara walipofunga mlango, mrefu mwenye akili alipata mwingine.

Mlango uliofungwa karne hii ni mgumu zaidi, kwa sababu kilicholeta mabadiliko ni hesabu kuliko makatazo. Tupa mara 100 kutoka mbali, ingiza 36, una pointi 108. Tupa mara 100 kutoka katikati, ingiza 45, una 90. Timu zilipoiamini hesabu hiyo, mpira ukaacha kupelekwa kwa senta aliyewapa watu mgongo. Tena mwaka 2001 NBA waliruhusu ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu mmoja mmoja, na kumzunguka mtu kabla hata hajapokea mpira kukawa rahisi. Ukitazama orodha ya MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, baada ya Shaquille O'Neal mwaka 2000 hakuna senta mwingine hadi 2021. Mwaka 2012 waliifuta kabisa nafasi ya senta kwenye kura za mechi ya nyota, All-Star. Februari 2020 timu ya Houston wakamtoa senta wao Clint Capela, na P.J. Tucker, mtu wa mita 1.96, akawa ndiye anayelinda kapu. Nakwambia kweli, siku hizo nilikuwa nakutazama unavyokua na nilipata hofu.

Lakini angalia aliyechukua tuzo hiyo 2021, 2022 na 2024: Nikola Jokić, senta, aliyechaguliwa wa 41 timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2014. Ya 2023 ilikwenda kwa Joel Embiid wa Kameruni, senta pia. Jokić haruki, hakimbii kwa kasi ya kutisha. Anapokea mpira juu kabisa ya eneo la sekunde tatu na kutoa pasi kama gadi, yule anayeuongoza mpira, na yeyote anayekatiza kwenda kwenye kapu anajua mpira utamkuta. Kutoka pale juu mtu mrefu anauona uwanja wote. Hilo mimi sikuambiwa kamwe. Timu niliyoichezea miaka ya tisini ilinisimamisha chini ya kapu miaka 6, nigombee rebaundi, mipira iliyokosa kapu, na kugongana, na magoti yalipokataa hawakuniuliza hata hali. Nilikufundisha nilichofundishwa. Hilo linaniuma.

Sasa, kutupa pointi tatu. Jifunze, ndiyo. Brook Lopez aliingiza mitupo 3 tu ya pointi tatu katika misimu yake 8 ya kwanza NBA. Msimu wa 9 akaingiza 134, na mwaka 2021 akawa bingwa na Milwaukee. Wewe una miaka mingi mbele kuliko aliyokuwa nayo yeye alipobadilika. Hata jirani yetu Manute Bol wa Sudan Kusini, mwenye mita 2.31, msimu wa 1988-89 alitupa mara 91 akaingiza 20, wakati huo watu wakiona ni kioja.

Hata hivyo sikubaliani na kocha kwamba mtupo ndio uanze. Rudy Gobert hatupi kutoka mbali, na mwaka 2022 Minnesota walitoa wachezaji kadhaa pamoja na chaguo 4 za wachezaji wapya za raundi ya kwanza ili wampate. Walinunua ulinzi. Ulinzi huo uko miguuni.

Chukua robo ya nne. Gadi wao anawekewa skrini, yaani mwenzake anasimama kumziba mlinzi wake, mlinzi huyo anakwama, na sasa anakuja kwako. Ukibaki chini ya kapu, anatupa. Ukimvamia kwa pupa, anakupita ubavuni, na nyuma yako senta wao anangoja mpira wa juu. Kazi yako iko hapo katikati: nyonga chini, uzito kwenye vidole, mkono mmoja usoni kwake, wa pili chini kuziba pasi, ukirudi nusu hatua kwa nusu hatua hadi mwenzako afike. Ni sekunde 2, labda 3. Katika ile video ya mechi ya Lugogo uliyonitumia, visigino vyako vimekanyaga chini kila mara. Walikupita mara 4, zote upande wa kushoto.

Kwa hiyo nakuomba hivi: asubuhi miguu, kamba na hatua za pembeni, kisha pasi ukiwa juu ya eneo; jioni, mwili ukichoka, ndipo utupe, kwa sababu katika mechi utatupa ukiwa umechoka. Usiwaze Marekani peke yake pia. BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika, ipo tangu 2021, City Oilers wa hapa Uganda walifika 2023, na senta anayejua kulinda mbali na kapu anatafutwa huko.

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Mwombe kocha nusu saa ya uwanja kabla hawajaanza mazoezi. Mama yako anakutumia simsim, na anauliza kama vile viatu namba 50 vimepatikana au bado unabana vidole.

Baba yako