Mwanaume kupika na kufua wakati mke yupo: kwangu tulivyogawana

Mkuu umeuliza kama mwanaume anayepika na kufua wakati mke yupo basi kalishwa limbwata. Mimi niko Mbagala, wife ni nesi, akiingia zamu ya usiku anafika home saa mbili asubuhi yuko hoi na watoto walitakiwa wawe shule kitambo, sasa nani awaogeshe, jini? Dada wa kazi aliolewa zake na wa kumlipa mwingine kwa hali hii hatumuwezi, ikabidi tugawane.

Tatizo wengi mnasema "namsaidia wife" kumbe unasubiri kuagizwa, menya vitunguu, leta ndoo, ukisugua sufuria moja unataka upigiwe vigelegele. Kwetu kila mtu ana eneo lake zima zima. Chakula cha jioni na sare za shule ni mimi, yaani gesi ikikata maharage hayajaiva ni juu yangu, kola ikiwa nyeusi Jumatatu naulizwa mimi (kola paka sabuni ya mche, ilaze usiku, asubuhi ndo usugue, msihangaike na mabrashi). Yeye ana soko, uji wa mdogo na kliniki. Hatukumbushani.

Majirani wanasema mume bwege, hasa nikianika nguo za wife pale uani, nishazoea. Bi mkubwa alipokuja toka Lushoto akanikuta nasukuma chapati, akauliza "kwani mwenzio anaumwa?" Nikamwambia yuko kazini mama. Akaziangalia weee, akaninyang'anya kifimbo, "hizi hazichambuki, sogea", akanifundisha kuzikunja upya mpaka zikatoka safi.

Na yule aliyesema kazi za ndani hazina thamani kwa vile haziingizi hela akasome kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983. Walisema kazi za nyumbani za mke ni mchango wake kwenye mali ya ndoa, wakati wa kugawana zinahesabika kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, japo yeye mwenyewe mgao ulimponyoka kwa sababu nyingine. Yaani majaji walishaliona hilo wengine humu hamjazaliwa.

Sisemi kwangu kila kitu kimenyooka. Pasi mpaka leo haina mwenyewe, kila mtu anajifanya haioni, watoto wanavaa vilivyokunjamana mpaka mmoja ashindwe kuvumilia.